Kabla ya mashine ya kujazia asali, nunua mizani

Mpenzi msomaji, ikiwa una mizinga kadhaa shambani na umeanza kufikiria kupakia asali kwenye chupa na kuiuza, makala ya leo ni yako. Na ikiwa huna hata mzinga mmoja lakini wewe ni mwanachama wa chama cha akina mama, isome vilevile. Jambo nitakalolieleza nusura livunje chama kimoja ninachokijua vyema, na nusura limvunjie heshima mtu wa damu yangu.

Mdogo wangu ameolewa Kitui. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama 14 wanaofuga nyuki. Msimu mmoja, mvua zilipokwisha na maua ya migunga yakawa yameanguka, walirina asali wakapata kilo 120. Waliipima mbele ya watu wote, katibu akaandika kitabuni, kisha ndoo zikapelekwa nyumbani kwa mdogo wangu kwa sababu yeye ana chumba chenye sakafu ya saruji kisichoingiza vumbi. Walikubaliana kuuza nusu kilo nusu kilo. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto wa darasa la tatu: kilo 120 ni chupa 240. Wakatoa pesa, chupa 240 zikanunuliwa.

Mdogo wangu alijaza chupa siku mbili. Ndoo ya mwisho ilipokauka, chupa zilizojaa zilikuwa 171. Zilizobaki, tupu kabisa, zilikuwa 69.

Ninyi mnaojua mambo ya vyama mnaweza kukisia yaliyofuata. Hakuna aliyemuuliza lolote usoni. Walianza kuongea kisimani, kisha sokoni, kisha kanisani. Ikasemekana kwamba chupa 69 zimeuzwa usiku kwa watengenezaji wa kaluvu. Siku ya tatu alinipigia simu.

“Dada,” aliniambia, na sauti yake haikuwa ile ninayoizoea, “wananiita mwizi. Nimezijaza mpaka shingoni kama walivyosema. Sikuonja hata kijiko. Hata watoto niliwafukuza mlangoni.”

Jumamosi hiyo nilipanda basi. Kwenye mkoba nilitia kitu kimoja tu cha maana, nacho ni mizani yangu ya jikoni.

Tulikaa chini ya mti, akina mama wote wakiwapo. Niliomba chupa moja tupu, nikaiweka juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sufuri. Kisha nikaitoa ile tupu na kuweka iliyojaa. Mizani ilionyesha gramu 700. Tukapima ya pili, ya tatu, mpaka kumi. Zote zilikuwa hapo hapo, gramu 700, moja ikizidi kidogo na nyingine ikipungua kidogo. Nikamwomba katibu azidishe 700 kwa 171. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Jibu lilikuwa karibu kilo 120. Asali yote ilikuwa ndani ya chupa.

Kosa lilikuwa wapi? Kwenye tako la chupa palikuwa na nambari 500, na kila mtu aliiona akaridhika. Lakini hizo zilikuwa mililita 500, si gramu 500. Maji ya lita moja yana uzito wa kilo moja, ndiyo maana tumezoea kuchukulia lita na kilo kuwa kitu kimoja. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo moja na gramu 400. Kwa hivyo chupa ya mililita 500 ikijazwa hubeba gramu 700.

Na hebu tazama lingine. Kama wangeziuza chupa hizo 171 kwa bei ya nusu kilo, kila mnunuzi angeondoka na gramu 200 za bure. Hiyo ni zaidi ya kilo 34 za asali. Mwizi angekuwapo kweli, lakini mwizi huyo ni chupa.

Mashine au mkopo?

Ungedhani mambo yangekwisha hapo. La hasha! Mama mmoja alisimama akasema kwamba dawa ya matatizo hayo ni kununua mashine, ili mkono wa binadamu usiguse tena asali ya chama. Alikuwa na picha ya mashine ya umeme ya kujazia chupa ambayo mfanyabiashara mmoja wa Nairobi alikuwa akiwapigia debe. Chama kingechukua mkopo. Mama mwingine akasema mwanawe anaishi Kanada, na huko watu wa vijijini hupakia sharubati ya mti uitwao maple kwa tangi maalumu. Kijana angeweza kuwatafutia tangi lililotumika na kulituma kwa meli.

Nilipewa nafasi ya kusema, nikauliza swali moja: mkijaza kwa mkono, chupa moja inachukua muda gani pamoja na kuipima na kuifunga? Mdogo wangu akasema dakika moja akiwa na msaidizi na asali ikiwa imepata joto. Basi chupa 240 ni dakika 240, yaani saa nne. Wakirina mara mbili kwa mwaka, ni saa nane. Mashine ya kufanya kazi saa nane kwa mwaka mzima! Siku nyingine zote italala. Lakini riba ya mkopo hailali.

Kuhusu tangi la Kanada, niliwaeleza hivi, na ni vyema nawe uelewe kwa sababu vifaa vya namna hiyo hutangazwa kana kwamba vinafaa kila kitu kitamu. Maple ni mti wa nchi za baridi. Majira ya baridi yanapokwisha, watu wa Kanada na kaskazini mwa Marekani hutoboa shina lake na kukinga maji yake, ambayo yana utamu mdogo sana. Huyachemsha kwa muda mrefu mpaka takriban lita 40 za maji hayo zinabaki lita moja ya sharubati nzito. Hata hapo, karibu theluthi moja ya sharubati hiyo bado ni maji, na ikiwekwa hivi hivi huota ukungu. Kwa hivyo huipakia ikiwa moto wa zaidi ya nyuzi 82 za selisiasi, huifunga papo hapo, na wengi hulaza chupa ubavu ili moto ule uue vijidudu vilivyoko kwenye kifuniko. Tangi lao limeundwa kwa ajili ya kuhifadhi moto huo.

Asali haihitaji hayo. Kazi ya kukausha maji nyuki wameshaifanya kwa mabawa yao kabla ya kufunika sega kwa nta. Ukiipasha asali mpaka nyuzi 80, unaharibu harufu yake na vimeng'enya vyake, rangi inakuwa nyeusi, na kemikali iitwayo HMF inaongezeka. Kemikali hiyo hupimwa kwenye maabara. Kipimo cha kimataifa ni miligramu 40 kwa kilo, na kwa asali ya nchi za joto kama zetu kinaruhusiwa kufika 80. Asali ikipita hapo hukataliwa. Kwa hivyo tangi la Kanada lingekuja kutuunguzia asali yetu.

Ununue nini basi?

Sasa tuje kwako, msomaji. Tuseme una asali ya kilo 50 hadi 300 kwa msimu. Vifaa utakavyohitaji si vingi, na vingi vinapatikana hapa hapa nchini. Nitavitaja kwa mpangilio ambao mimi ningevinunua.

Kwanza, mizani. Ya jikoni inayoonyesha gramu moja moja inatosha kwa kujifunzia na kwa kujaribia chupa nyumbani. Lakini ukianza kuuza, tumia mizani ya biashara iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa mizani na vipimo. Usiuze asali kwa macho. Ukipunja, mteja hatarudi; ukizidisha, karo ya mwanao ndiyo inayoondoka.

Pili, chupa. Chagua kwa gramu unazotaka kuuza, si kwa nambari iliyoandikwa takoni. Kwa gramu 250 tafuta chupa ya mililita 180 hivi. Kwa nusu kilo, mililita 360. Kwa kilo moja, mililita 715 au zaidi kidogo. Kabla ya kununua kwa katoni, nunua moja, ijaze asali yako mwenyewe, uipime. Chukua yenye mdomo mpana ambao kijiko kinapita, kwa sababu asali nyingi huganda baada ya muda. Kuganda si ishara ya sukari ya kuchanganya kama watu wanavyodai. Ni tabia ya asali halisi. Lakini asali iliyoganda ndani ya shingo nyembamba humkasirisha mteja.

Chupa ya kioo hupendeza na haishiki harufu, ila ni nzito na huvunjika safarini. Ya plastiki ni nyepesi na nafuu, lakini iwe plastiki ya kuwekea chakula, na usiimiminie kitu chenye moto maana hujikunja.

Wengi wetu tumenunua asali kando ya barabara, kwa mfano kule Marigat, ikiwa kwenye chupa za pombe kali zilizotumika. Vijana huziita mizinga, na labda ndiyo sababu watu huona si vibaya nyuki warudishiwe jina lao! Chupa hiyo ya mililita 750 hubeba zaidi ya kilo moja ya asali, na anayeiuza mara nyingi hajui. Isitoshe, shingo yake ni nyembamba, huwezi kuisafisha ndani ukaona kwa macho, na harufu ya zamani haitoki kwa urahisi. Asali hunyonya harufu. Usianze nazo.

Tatu, ndoo yenye mfereji. Hiki ndicho kifaa cha kujazia chenyewe. Ndoo ya plastiki ya chakula ya lita 20 au 25, yenye kifuniko, iliyotobolewa chini na kuwekwa mfereji wa asali, inatosha kabisa. Ndoo ya lita 20 hubeba kilo 28, yaani chupa 56 za nusu kilo. Lakini usiweke mfereji wa maji. Wa maji una tundu dogo na kona nyingi ndani. Asali hupita polepole, ukiufunga huendelea kudondoka, na mabaki hukaa humo mpaka yachache. Mfereji wa asali una mdomo mpana na bamba linaloshuka na kukata asali mara moja, kama kisu. Hufunguka wote ukaoshwa. Wauzaji wa vifaa vya ufugaji nyuki wanao.

Ukitaka chombo cha chuma, kiwe cha chuma kisichoshika kutu. Mafundi huiita aina ya 304. Fundi wa jua kali anaweza kukuchomelea, ila maungio ya ndani yawe laini, yasiwe na mianya ya kuficha uchafu. Epuka debe, ndoo za bati, shaba na chuma cha kawaida. Asali ina asidi ndani yake. Hula madini hayo, ikapata rangi mbaya na ladha ya kutu.

Nne, chujio. Tumia machujio mawili, la waya kwanza, halafu kitambaa cha nailoni chenye matundu madogo. Kisha iache asali itulie ndani ya ndoo iliyofunikwa, siku mbili au tatu. Vipande vya nta na mapovu hupanda juu. Toa povu kwa kijiko, jaza chupa kutoka chini. Ukiruka hatua hii, chupa zako zitakuwa na utando mweupe juu na mteja atadhani umechanganya kitu.

Tano, kipimajoto na sufuria kubwa. Asali baridi haitaki kutiririka. Weka ndoo ndani ya maji ya moto, koroga polepole, hakikisha asali yenyewe haipiti nyuzi 40. Usiweke ndoo juu ya jiko moja kwa moja. Matangi ya kununua yenye kuta mbili na maji katikati yanafanya kazi ile ile, yakigharimu mara nyingi zaidi.

Sita, ukiweza, kifaa cha kupimia maji yaliyomo ndani ya asali, kiitwacho refraktometa. Asali nzuri isizidi asilimia 20 ya maji. Ikizidi, itachacha ndani ya chupa, vifuniko vitafura, na utakuwa umemuuzia mtu kaluvu bila kukusudia. Chama kinaweza kununua kimoja kikatumiwa na watu wote. Asiyekuwa nacho avune masega yaliyofunikwa kwa nta tu, ayaache yasiyofunikwa, wala asirine siku ya mvua.

Usafi ndio mashine yako

Osha chupa kwa maji ya moto na sabuni, suuza vizuri, za kioo uzichemshe, kisha zigeuze juu chini juu ya kitambaa safi mpaka zikauke kabisa. Nasema kabisa. Tone la maji lililobaki ndani linatosha kuanzisha uchachu. Asali huvuta unyevu hata kutoka hewani, kwa hivyo usiiache wazi usiku kucha, na vifuniko viwe vipya na vyenye utepe wa kuonyesha kwamba havijafunguliwa. Fanya kazi asubuhi na mapema, milango ikiwa imefungwa. La sivyo wenye asali yao watakuja kuidai, na wao hawabishi hodi.

Kwenye lebo andika jina la bidhaa, uzito halisi bila chupa, jina na anwani yako, tarehe ya kupakia na ya mwisho wa matumizi, na nambari ya fungu. Ukitaka kuuza madukani utahitaji alama ya ubora ya KEBS. Nenda ofisi zao uulize masharti kabla ya kuchapisha lebo elfu moja. Ongeza sentensi moja kwamba asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kupambana navyo.

Je, mashine isinunuliwe kamwe? Sisemi hivyo. Siku utakapokuwa na tani moja, hizo ni chupa 2,000 za nusu kilo, na kwa dakika moja moja ni zaidi ya saa 33. Hapo mgongo wako utakuambia. Anza na ile ya kuvuta kwa mkono, inayopima kiasi kilekile kila inapovutwa na haitegemei umeme. Ya pampu ya umeme ije baadaye. Uliza kama imeundwa kwa vitu vizito, maana ya kujazia maji au juisi itazidiwa na asali. Uliza kama sehemu zote zinazogusa asali zinafunguka na kuoshwa, na kama mipira ya kuzibia inapatikana nchini. Kisha nenda na kilo tano za asali yako mwenyewe, ijaribiwe mbele yako, upime chupa kumi kwa mizani yako. Muuzaji akikataa jaribio hilo, rudi nyumbani na asali yako na pesa zako.

Wale akina mama hawakuchukua mkopo. Walinunua mizani, ndoo mbili zenye mifereji ya asali, na chupa za kimo kinachofaa. Zile chupa 171 waliziandika gramu 700 na kuziuza kwa bei yake, na zote zilikwisha.

Mwenyekiti alimwomba mdogo wangu radhi mbele ya kikao, na wengi wakampa mkono. Bado ndiye mweka hazina. Lakini nilipomtembelea majuzi nilimuuliza kuhusu rafiki yake mmoja, waliyeanza naye darasa la kwanza, ambaye zamani huwezi kuingia nyumba ile usimkute. Mdogo wangu aliendelea kupanga chupa juu ya meza, akasema, “Tunasalimiana, dada.” Hakuongeza neno.

Wahenga walisema chema chajiuza. Ni kweli, lakini mpime kwanza mbele ya watu wote, kila chupa, kabla midomo haijaanza kupima kwa niaba yenu.

Nakutakia Jumapili njema, msomaji. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.